Hesabuni Sahani Kabla ya Nauli: Maandalizi ya Likizo ya Kwanza ya Familia

(Mazungumzo na wakazi wa kata ya Chemchem, Manispaa ya Tabora)

Tulipoulizwa mngependa tuzungumzie nini, tulidhani jibu litakuwa nauli za daladala au mwendo wa bodaboda. Badala yake wengi mlisema jambo moja: watoto wameahidiwa kupelekwa Dar es Salaam likizo ya Desemba, wakaogelee na kuteleza kwenye michezo ya maji ya Kunduchi Wet 'n' Wild, au wakapande mabembea ya Fun City kule Kigamboni, na hakuna hata mmoja nyumbani aliyewahi kufika huko. Akiba ya mwaka ipo. Kinachotakiwa ni kujua itagawanywaje.

Tunaanza na kukiri. Familia mbili za watumishi wa ofisi yetu, watu wazima wanne na watoto watano, zilifunga safari hiyo hiyo. Sisi ndio tunaowaeleza wananchi habari za nauli kila siku, na kwa kweli nauli tuliikokotoa mpaka senti ya mwisho. Chakula hatukukikokotoa. Basi liliposimama kwenye hoteli ya njiani tulinunua sahani tisa na soda tisa bila kuuliza bei, kwa kuwa kondakta alikuwa ameshaanza kupiga honi. Usiku tulishuka kituoni tukiwa na watoto waliolala mabegani, tukakubali bei ya kwanza ya teksi tuliyotajiwa. Asubuhi yake tukapika pilau, tukalifunga vizuri, tukafika mlangoni mwa sehemu ya michezo na kuambiwa kwamba chakula cha nje hakiingii. Tukapiga hesabu upya pale pale mbele ya dirisha la tiketi, watoto wameshavaa nguo za kuogelea. Tukitoa fedha ya chakula cha mchana cha ndani, kiingilio cha watu tisa hakikutosha. Wazazi wawili walibaki nje chini ya mti na sufuria la pilau, na hawakuwaona watoto wao wakiteleza hata mara moja. Mtoto mdogo kuliko wote, aliyekuwa ameingia kwa kulipiwa, alipimwa urefu akaonekana hajafikia kipimo cha mteremko mkubwa aliokuwa akiuota tangu Septemba.

Hakuna aliyetuibia siku ile. Masharti yote yalikuwepo, nasi hatukuyauliza. Ndiyo maana leo tunaanza na sahani, kisha ndipo tuje kwenye nauli.

Sheria za nchi yetu humwita mnunuzi wa bidhaa na huduma "mlaji". Wapo wanaolicheka neno hilo, lakini katika safari ya familia lina ukweli wake. Chukueni familia ya watu wanne inayotoka Tabora alfajiri ya siku ya kwanza na kurudi usiku wa siku ya tano. Milo mitatu kwa siku, kwa watu wanne, kwa siku tano, ni sahani 60. Nauli italipwa mara mbili, kwenda na kurudi. Kiingilio kitalipwa mara moja. Sahani zitalipwa mara 60, na kila moja italipwa mtu akiwa na njaa, yaani katika hali mbaya kuliko zote ya kupatana bei. Andikeni basi namba hiyo juu ya karatasi, kisha mzigawe: ngapi zitatoka nyumbani, ngapi zitaliwa kwa jamaa, ngapi kwa mama lishe, ngapi hotelini au ndani ya sehemu ya michezo. Hizo za mwisho ndizo ghali, na zikipangwa vizuri hazizidi mlo mmoja katika safari nzima.

Watu wa mji huu wanayo asili ya hesabu hii. Misafara iliyopita Unyanyembe kuelekea Bagamoyo katika karne ya 19 ilitembea miezi, na wapagazi wa Kinyamwezi hawakuondoka bila kujua posho yao itatoka wapi: nguo na shanga kiasi gani zitabadilishwa kwa nafaka, katika kijiji gani, na kambi ipigwe penye chemchemi ipi. Neno "posho", ambalo sisi watumishi wa leo tunalipenda kwa sababu nyingine, lilikuwa ndilo chakula chenyewe cha njiani. Msafara uliokosea hesabu ya posho uliwapoteza watu wake, waliotoroka au kufa njaa. Yetu ni siku moja ndani ya basi, lakini mpangilio ni ule ule: maji na chakula kwanza, mwendo baadaye.

Cha kubeba kipo hapa hapa. Matobolwa hayaharibiki, yanashibisha, na mtoto anaweza kuyala bila kuchafua kiti. Karanga, mayai ya kuchemsha, chapati kavu na kuku aliyekaangwa akakauka vizuri hufika Dodoma salama. Desemba maembe yamejaa mitaani, ila menyeni na kuyakata kabla ya kupanda, maana embe zima ndani ya basi ni ugomvi. Wali wa nazi, maharage na mchuzi uliokaa kwenye chombo kilichofunikwa kungali na moto viacheni nyumbani. Vinachacha kabla ya mchana, na mtoto anayeharisha njiani ataimaliza likizo kabla haijaanza. Mkifikia kwa jamaa, mzigo wa mchele na dumu la asali ya Tabora utawasaidia kuliko ahadi ya kuchangia baadaye. Wenyeji wa Dar es Salaam nao hununua kila kitu, mpaka mkaa.

Kwenye hoteli ya njiani ulizeni bei kabla sahani haijapakuliwa, na muulizeni kondakta mtasimama kwa dakika ngapi. Hamlazimiki kula hapo eti kwa sababu basi limesimama hapo. Dai risiti, hata kama ni ya sahani moja.

Sasa usafiri. Kwa mabasi ya mikoani, viwango vya juu vya nauli vilivyoanza kutumika Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa abiria kwa kila kilometa katika daraja la kawaida, na shilingi 67.84 katika daraja la kati. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kupitia Itigi na Dodoma ni takriban kilometa 830. Zidisheni wenyewe: daraja la kawaida lisizidi sana shilingi 40,200, na la kati shilingi 56,300. Viwango hubadilika, kwa hiyo angalieni tangazo la wakati mnaposafiri, lakini njia ya kukokotoa ni hiyo. Daraja la juu halina kikomo hicho. Mtu akiwaambia kwamba Desemba nauli "imepanda yenyewe" kwa sababu ya sikukuu, mwambieni aiandike hivyo kwenye tiketi. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Tiketi iwe ya mtandao, yenye jina la abiria, namba ya basi, kiti, tarehe na kiasi kilicholipwa. Kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu na kijana wa stendi hakitawasaidia kokote, hata kwetu. Kwa mtoto, ulizeni kabla ya kulipa kama bei mliyotajiwa inampa kiti chake au atapakatwa. Safari ya kutwa nzima si ya kumpakata mtoto wa miaka saba.

Njia ya pili ni kuunganisha. Treni ya reli ya mwendokasi, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Nauli ya treni ya kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne hadi 12 hulipa nusu, na wa chini ya minne hasafiri kwa malipo. Wazazi wawili wenye watoto wa miaka sita na tisa watalipa jumla ya shilingi 93,000 kwa kipande hicho. Kipande cha kuja kwetu kutoka Makutupora bado kinajengwa, kwa hiyo kwa sasa mtafika Dodoma kwa basi, takriban kilometa 380, ambazo kwa daraja la kawaida ni kama shilingi 18,400. Jumla kwa mtu mzima inazidi basi la moja kwa moja kwa shilingi 9,000 na kitu. Je, ni ghali? Inategemea sahani. Kutoka Dodoma treni huchukua takriban saa nne, nanyi mnashuka katikati ya jiji, kwenye jengo lile lenye umbo la tanzanite, badala ya kituo cha mabasi cha Magufuli kule Mbezi Luis. Kama jamaa wenu yuko Ilala au Kariakoo, mmeokoa mlo na teksi. Kama yuko Kimara, hamkuokoa chochote.

Msikate, hata hivyo, tiketi ya treni ya saa ile ile ambayo basi linatarajiwa kuingia Dodoma. Acheni nafasi ya kutosha, na beba vitambulisho. Treni ya zamani ya reli ya kati nayo ipo, yenye behewa la chakula na kuku wa Saranda dirishani. Ni safari nzuri kwa mtoto, lakini haiendi kila siku na huchelewa. Anayeipanda asiwe na ahadi ya dakika kwa dakika upande wa pili.

Kilometa za mwisho ndizo zinazotoboa mfuko. Kunduchi iko kaskazini mwa jiji, kando ya barabara ya Bagamoyo. Kutoka mjini mtafika Mwenge, mtapanda daladala ziendazo Tegeta, mtashuka Mtongani, kisha bajaji hadi ufukweni. Kigamboni mtavuka kwa kivuko cha Magogoni au kupita daraja la Nyerere. Njia zote mbili ni nyepesi mchana na nzito usiku, kwa hiyo pangeni kufika jijini mapema, au kulala karibu na kituo mtakachoshukia. Bei ya bajaji patanani kabla ya kukaa, kwa jumla ya safari na si kwa kichwa. Jina la eneo mnalokwenda liandikeni kwenye karatasi na kumpa kila mtoto, pamoja na namba ya simu ya mzazi.

Siku tatu kabla ya kusafiri, pigeni simu kwenye sehemu ya michezo yenyewe. Tungependa sana mlifanye hili kuliko lolote tulilosema. Ulizeni kiingilio cha mtu mzima na cha mtoto, na mtoto huhesabiwa kwa umri au kwa urefu. Ulizeni mzazi asiyeogelea kama analipa. Ulizeni kuhusu chakula cha nje na maji ya mtoto mchanga, nguo zinazokubaliwa majini, mahali pa kuweka mizigo, kama mnaruhusiwa kutoka na kuingia tena, na siku za wiki wanazofungua. Kisha ombeni majibu hayo kwa ujumbe wa maandishi. Ujumbe huo ni ushahidi. Mkifika na kuambiwa bei nyingine, mnao wa kuuonyesha. Mpimeni mtoto urefu nyumbani, kwa futi ya fundi cherehani, na kama hajafika mwambieni ukweli akiwa bado Tabora. Atalia siku moja, kisha atajiandaa kwa bwawa la wadogo kwa furaha.

Siku yenyewe, walisheni vizuri kabla ya mlango. Mtoto aliyetoka majini huwa na njaa ya watu wawili, na saa saba mchana, kwenye foleni ya chipsi, hakuna mzazi anayekumbuka bajeti.

Fedha ya kurudi ifungwe tangu mwanzo: tiketi za kurudi zikatwe siku moja na za kwenda, na sahani za njiani za kurudi zihesabiwe ndani ya zile 60. Januari mabasi hujaa wanafunzi, na aliyebaki bila tiketi hununua kwa bei ya aliye na haraka.

Kama mnaweza, fanyeni jaribio. Jumamosi moja wapelekeni watoto Kwihara, kwenye Tembe la Livingstone, nje kidogo ya mji, mkitumia utaratibu huu wote: sahani zimehesabiwa, bei imeulizwa kabla, bajaji imepatanwa. Kosa mtakalolifanya Kwihara mtalirekebisha kwa shilingi elfu chache.

Likitokea tatizo la usafiri, mwone kwanza mtoa huduma mwenyewe, mkiwa na tiketi, namba ya basi na saa. Basi likiharibika njiani, ni wajibu wake kuwafikisha kwa chombo kingine. Asipowasikiliza, piga namba ya bure iliyobandikwa ndani ya basi au njooni ofisini. Fomu za malalamiko tumeziweka pale mezani, na nakala za karatasi ya kuhesabia sahani ziko karibu nazo. Chukueni moja kwa kila kaya, zimebaki kama hamsini. Sasa tupokee maswali. Yule mama wa mstari wa pili amenyoosha mkono tangu tulipotaja pilau. Karibu, mama.