Ufizi wa Mwenye Meno ya Bandia

 

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulionea haya, hata tukalificha kwa watu wa nyumbani mwetu. Nalo ni meno ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua, yanayoziba mapengo huku yakishikwa na meno yetu yaliyosalia.

Kuyavaa si aibu. Wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Arfaja bin As'ad alipoteza pua yake katika vita vya Kulab, zama za ujahili, akajitengenezea pua ya fedha. Pua ile ikatoa harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) hakumkemea, bali alimwamuru atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wanazuoni wakatoa humo ruhusa ya kufunga meno kwa dhahabu. Tuizingatie sababu yake: kiungo cha bandia kilikuwa kikitoa harufu mbaya.

Na cha kinywani huchafuka zaidi. Chini ya bamba na kandokando ya vikulabu vya waya hubaki chakula, na ukoga hujijenga palepale ufizi unapokutana na jino. Ufizi huvimba, huwa mwekundu, hutoa damu tupigapo mswaki. Wapo wanaouacha mswaki kwa kuiogopa damu hiyo; hao wameikimbia dawa yenyewe. Mwanzoni maradhi haya hupona kwa usafi. Yakiachwa, huula mfupa unaoshika jino, na jino lenye kulabu likisha kung'oka, bamba zima hukosa pa kushika. Wenye kisukari na wavutao tumbaku wamo katika hatari kubwa zaidi.

Basi usiku tuyavue, ufizi upumzike, na tuyalaze katika maji safi ya baridi, kwani ya moto huyapinda. Tuyasugue kwa mswaki laini na sabuni, juu ya beseni lenye maji, yasije yakavunjika yakiponyoka. Kisha tuyasafishe meno yetu ya asili, hasa yale yanayoshika kulabu. Yakibana au yakitia kidonda, tusiyachonge kwa kisu. Kazi hiyo ni ya daktari wa meno.

Huulizwa kama udhu husihi bila kuyavua. Katika madhehebu ya Imamu Shafi kusukutua ni sunna, kwa hiyo udhu husihi. Lakini aliyetoka kula, naye yupo mbele ya maji, kwa nini asiyavue akayasuuza? Tumewaona wazee wakingoja watu waondoke birikani ndipo wayatoe, na wengine wakaghairi kabisa kwa haya. Nanyi vijana mnaotawadha karibu nao, msicheke wala msikodoe macho. Mpisheni mzee kwenye bomba, ayaoshe kwa nafasi yake.