POVU LA SABUNI SI KIPIMO CHA MAJI

Ni desturi ya watu wengi kuyapima maji kwa sabuni. Sabuni ikikataa kutoa povu, na birika likifanya ukoko mweupe ndani, maji husemwa kuwa mabaya. Kweli ni magumu, kwa kuwa yamepita katika mawe ya chokaa, kama maji ya visima vya Mombasa. Lakini hasara ya ugumu huo ni ya sabuni na kuni zaidi kuliko ya afya.

Katika viunga vya Nairobi, kama Karen na Lang'ata, mambo hugeuka. Huko mifereji ya nyumba nyingi huleta maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine katika mawe ya volkano. Mara nyingi maji hayo ni laini, povu ni tele, na mwenye nyumba huyasifu. Kumbe huenda yana floraidi nyingi, isiyo na rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huko huupita. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yanapoumbika huota meno yenye madoa ya kahawia, wala mswaki hauyaondoi.

Kuchemsha huua vijidudu, bali floraidi hubaki, na huzidi kidogo maji yanapopungua. Basi maji ya kisima yapelekwe maabara yapimwe. Yakionekana kuvuka mpaka, na yafue nguo; mtoto apewe maji ya mvua yaliyochemshwa, au yapitishwe kwanza katika chujio la mkaa wa mifupa, unaobadilishwa kila uchokapo.