Kisanduku Kando ya Ndege

Mwaka 1937 huko Kalamazoo, Marekani, mapacha Walter na William Good waliirusha Guff, ndege ndogo ya mfano, wakiiongoza kwa redio. Tangu 1960 imo katika hazina ya makumbusho ya Smithsonian.

Mgeni wa makumbusho hutazama mabawa. Mimi ningeanza na kisanduku cha redio. Mitambo mingi ya miaka ya 1950 ilikuwa na kitufe kimoja tu. Ukikibonyeza, mpira uliosokotwa ndani ya ndege huzungusha kijigurudumu, na usukani wa mkia ukageuka kulia. Ukiachia, hurudi katikati. Ukibonyeza tena, kushoto. Aliyesahau zamu aliiona ndege yake ikielekea mtini!

Zamu hiyo haionekani kabatini. Tena betri ikiachwa ndani huvuja ikala nyaya, kwa hiyo mhifadhi huitoa, na kisanduku hubaki bubu. Waliokizoea kitufe hicho sasa ni wazee sana. Makumbusho yawaite, yawape kisanduku mkononi, yawarekodi wakieleza. Kabati jipya la kioo linaweza kungoja mwakani.