Tathmini ya Matatizo ya Utambuzi na Mawasiliano Baada ya Jeraha la Ubongo

Utangulizi

Jeraha la ubongo litokanalo na ajali ni madhara yanayoupata ubongo kwa sababu ya pigo, kuanguka au mtikisiko mkubwa wa kichwa, na katika Afrika Mashariki huwapata sana vijana wa kiume walio katika umri wa kufanya kazi, hasa kutokana na ajali za barabarani, zikiwamo za bodaboda. Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini akiwa anatembea na kuzungumza, mara nyingi huhesabiwa kuwa amepona, ilhali ni wakati huo ambapo familia huanza kuona kwamba aliyerudi nyumbani hafuati mazungumzo, hakumbuki alichoagizwa na hukasirika bila sababu ya wazi. Mada hii inajenga hoja kwamba tathmini ya mgonjwa wa aina hii haijakamilika mpaka apimwe katika mazungumzo halisi, na mpaka ndugu anayeishi naye asikilizwe.

Asili ya tatizo

Utambuzi ni jumla ya kazi za akili zinazomwezesha mtu kuwa makini, kukumbuka, kupanga, kuamua na kujizuia. Kiharusi kikigusa maeneo ya lugha katika ubongo huweza kuleta afasia, yaani hali ya kupoteza uwezo wa kupata maneno, kuunda sentensi au kuelewa yanayosemwa. Katika ajali, hata hivyo, sehemu za mbele na za pembeni za ubongo ndizo zinazoumia zaidi kwa kugonga na kukwaruzana na mifupa ya fuvu, na nyuzi za neva huweza kuvutwa na kukatika hata pale ambapo picha ya CT-Scan haikuonyesha kasoro kubwa. Kwa hiyo mgonjwa huweza kubaki na msamiati na sarufi yake, lakini akaruka kutoka jambo moja hadi jingine, akarudia alichokwisha kusema, au akashindwa kung'amua mzaha na mafumbo. Hali hiyo huitwa tatizo la mawasiliano la kiutambuzi, na vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya afasia peke yake huweza kuipita bila kuiona.

Hatua za awali

Ukali wa jeraha hupimwa kwanza kwa Kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, ambacho huangalia ufunguaji wa macho, usemi na mjongeo wa viungo, kikitoa alama kuanzia 3 hadi 15. Alama 8 au pungufu huashiria jeraha kali. Baada ya fahamu kurejea hufuata kipindi cha usahaulifu, ambapo mgonjwa anaongea lakini hahifadhi kumbukumbu mpya wala hajui kwa hakika alipo na siku gani. Kipimo cha Galveston cha mwaka 1979 hufuatilia kipindi hicho kwa maswali mafupi, na alama 76 au zaidi kati ya 100 huhesabiwa kuwa za kawaida. Vipimo vya kina visifanywe kabla kipindi hicho hakijapita, kwa kuwa matokeo yake hayatategemeka. Mtathmini pia hana budi kuchunguza kwanza usikivu, uoni, maumivu, dawa zinazoleta usingizi, sonona, kiwango cha elimu na lugha ambayo mgonjwa huitumia nyumbani.

Vipimo vya mezani

Kipimo cha utambuzi kiitwacho MoCA, kilichochapishwa mwaka 2005 na Ziad Nasreddine na wenzake nchini Kanada, kina alama 30 na husaidia kuchuja wagonjwa kwa muda mfupi, lakini kinahitaji uangalifu kinapotumiwa kwa Kiswahili. Mgonjwa anayeambiwa achore saa tano na dakika kumi hana budi kuuelekeza mshale mfupi kwenye 11 ilhali aliyoisikia ni tano, na kwa kijana aliyezoea kusoma saa kwenye simu, kosa katika zoezi hilo halitoshi kuthibitisha kasoro ya ubongo. Vivyo hivyo, zoezi la kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani kwa dakika moja halina uzito uleule katika lugha ambayo maneno mengi huanza kwa viambishi vya ngeli au kwa ku- ya kitenzi, hivyo ni afadhali kumtaka mgonjwa ataje wanyama au bidhaa za sokoni.

Mazungumzo na ushuhuda wa ndugu

Njia rahisi na yenye taarifa nyingi ni kumtaka mgonjwa aeleze kazi anayoijua, kwa mfano kusonga ugali. Mtathmini husikiliza kama maji yanachemka kabla unga haujatiwa, kama hatua muhimu imerukwa, na kama msemaji anapotea katika habari za bei ya unga bila kurejea kwenye sufuria. Hatua zinapovurugika ilhali kila sentensi ni sahihi, kasoro haimo katika sarufi bali katika kupanga na kushika lengo.

Kwa kuwa wagonjwa wengi hawatambui mabadiliko yao wenyewe, ndugu aulizwe peke yake, kwa staha na faragha. Hojaji ya La Trobe ya Australia, yenye maswali 30, hujazwa na mgonjwa na pia na mtu wake wa karibu ili majibu yalinganishwe. Katika mazingira ya Waswahili, ndugu huweza kueleza kwamba kijana hamwamkii tena mzee kwa shikamoo, au kwamba anamtania mama mkwe mbele ya wageni. Familia huweza kuyaita hayo kiburi au ulevi, na maelezo ya mtaalamu huwaondolea mgonjwa na familia lawama wasiyostahili.

Hitimisho na mapendekezo

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha bado ni wachache katika kanda hii, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba wauguzi na watoa tiba ya kazi wafundishwe uchujaji wa awali. Inapendekezwa pia kwamba mgonjwa apimwe kabla ya kuruhusiwa na tena anaporudi kliniki. Vilevile, mwendesha bodaboda asirejee barabarani kwa kigezo cha kupona mifupa na vidonda peke yake, bali baada ya umakini wake, kasi yake ya kuamua na uwezo wake wa kujizuia kupimwa, kwa maana usalama wake na wa abiria wake unategemea uwezo huo.