Elena na Ini Lake

Leo tuongee habari za Elena Baltacha. Najua wengi hamjamsikia, maana wachezaji tenisi tunaowajua ni wale wa juu kabisa. Huyu alizaliwa Kiev mwaka 1983, akahamia Uingereza akiwa mtoto mdogo baba yake, Sergei, alipokwenda kucheza mpira Ipswich Town.

Alipokuwa na miaka 19 tu, madaktari waligundua ini lake ni gonjwa. Mirija inayopitisha nyongo ilikuwa inavimba na kufanya makovu. Sasa nasikia mnanong'ona: ini? Basi mlevi huyo! Hapana jamani. Ugonjwa huu hauletwi na pombe, wala hauambukizi. Ila unachosha vibaya mno.

Yeye akaendelea kucheza. Na mchezaji aliye nje ya mia bora hana raha mnayoiona kwenye televisheni. Anazunguka mashindano madogo madogo, nauli mara nyingi ni juu yake, zawadi kiduchu. Mgongo nao ukaharibika, akapasuliwa. Lakini mwaka 2010, akiwa na miaka 27, akafika nafasi ya 49 duniani. Na ini lile lile!

Alistaafu Novemba 2013, Desemba akaolewa. Januari 2014 akaambiwa ana saratani ya ini. Alifariki tarehe 4 Mei mwaka huo, miaka 30. Ipswich aliacha shule ya tenisi ya watoto aliyoianzisha mwenyewe.

Haya, nani ana swali kuhusu ini?