Unene, Umaskini na Haki
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo)



Tumezoea kuuhesabu unene uliozidi kuwa tunda la ulafi. Sisi mapadre tumehubiri hivyo, hata wale miongoni mwetu ambao vitambi vyao hutangulia kufika altareni. Leo tunaomba tulitazame jambo hili kwa jicho la haki.

Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanawake 22 katika kila 100 nchini Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi. Ule wa 2015-16 ulikuta 28. Mijini walikuwa 42, vijijini 21. Je, ulafi uliongezeka kwa kasi hiyo katika miaka michache? La hasha.

Tumtazame mama auzaye mitumba Kariakoo naye anakaa Mbagala. Huondoka alfajiri kwa daladala, hushinda ameketi mbele ya meza yake, hurudi usiku. Mchana hula chipsi na soda. Si kwamba hapendi maharage na mchicha. Maharage yanataka mkaa na muda, navyo hana. Nyumbani hupika sembe, kwa kuwa dona huhesabiwa chakula cha wanyonge. Mafuta hununua ya kupima, mara nyingi ya mawese kutoka Malaysia au Indonesia, maana kwa fedha kidogo ndiyo yanayowashibisha watoto upesi. Atembee jioni? Kiwanja cha wazi kimekwisha kujengwa. Tena soda hufika hata katika mitaa ambayo maji safi ya bomba hayajafika. Hapo tusimlaumu mnywaji peke yake.

Jamii nayo humsifu. Mke akikonda, mume husemwa. Wala tusisahau miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipowakondesha ndugu zetu: aliyepungua mwili alinyoshewa kidole, na wengi wakauona unene kuwa cheti cha uzima.

Cheti hicho ni cha uongo. Kisukari na shinikizo la damu vikiingia, gharama hulipwa na nyumba nzima. Mtaji wa meza huishia katika dawa, na mama akipooza, binti huacha shule amwuguze. Wale waliomwita "bonge la mama" kwa kumsifu ndio wanaomcheka anaposhindwa kupanda daladala.

Yako yaliyo mikononi mwetu. Katika sherehe za jumuiya, heshima ya mgeni ni kreti za soda. Maji na matunda huonekana dharau. Nao uwanja wa parokia hufungwa kwa kufuli kila jioni, eti nyasi zisikanyagwe. Tunaiomba Halmashauri ya Walei, katika kikao chake kijacho, itueleze kwa nini akina mama na vijana wasifunguliwe lango hilo hadi saa moja usiku.