Ghala la Bandari ni Njia, si Makao

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Kamati iliponiandikia ilinitaka niseme machache juu ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote, yaani kazi ya mizigo katika bandari ya Dar es Salaam. Niliingia bandarini mwaka 1974 nikiwa karani wa kuhesabu mizigo, nikapanda hadi kuwa msimamizi wa ghala, nikastaafu nikiwa natembea kwa miguu yangu mwenyewe, jambo ambalo si kila aliyefanya kazi chini ya winchi amejaaliwa.

Wengi wetu huiona bandari kwa mbali, tukivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Tunaona meli na kreni, nasi tunadhani tumekwisha kuiona bandari. Leo nataka kuwaonyesha kile ambacho hakionekani kutoka kwenye pantoni, nacho ni ghala na uwanja wa kuwekea mizigo. Humo ndimo bandari inamofaulu au kushindwa. Na wengi wa wanaoifanya ishindwe hawafanyi kazi bandarini kabisa. Baadhi yao, mtaniwia radhi, wamo humu ukumbini.

Ndugu Mwenyekiti, kwanza nieleze kwa ufupi bandari ilivyokua. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, na mizigo ikashushwa katika matishari na kuletwa ufukoni. Mwaka 1921 Wabelgiji walipewa eneo lao hapo Dar es Salaam, na jingine Kigoma, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wenyeji wa Dar es Salaam wanalijua jina la Belbase. Gati tatu za kwanza zenye kina kirefu zilifunguliwa mwaka 1956.

Gati hizo hazijatimiza miaka kumi, walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, na njia ya Zambia ya kusini ikaingia mashakani. Shaba ya Zambia ikaelekezwa kwetu, na mafuta yake yakapitia kwetu. Malori yalikwenda na kurudi katika barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliifananisha na jahanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 likaanza kupeleka mafuta Ndola. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860, tuliyojengewa kwa msaada wa China na kukabidhiwa Julai 1976. Gati nazo ziliongezwa mpaka zikafika 11.

Angalieni jambo moja katika historia hiyo. Barabara, bomba na reli, vyote vitatu, ni njia za kuutoa mzigo bandarini. Wazee wetu walikwisha kutambua kwamba kuteremsha mzigo ni nusu ya kazi tu.

Sasa niwaingize ghalani. Katika siku zangu za mwanzo mzigo ulishuka kipande kipande. Makuli walishuka katika tumbo la meli, wakapanga magunia ndani ya wavu wa kamba, winchi ikainua, na wenzao wa gatini wakapokea. Pembeni tulisimama makarani wawili, mmoja wa meli na mmoja wa bandari, kila mtu na daftari lake. Tulihesabu kwa vijiti: vinne vilivyosimama, cha tano kikavikata. Zamu ikiisha tulilinganisha madaftari. Zikitofautiana hesabu zetu, hakuna aliyekwenda nyumbani mpaka magunia yamehesabiwa upya ghalani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi ndio tuliokuwa daftari.

Ghala lenyewe lilikuwa na sheria zake. Magunia hayakulazwa juu ya sakafu tupu, yalitandikiwa mbao ili unyevu usiyapande. Hayakuegemezwa ukutani, iliachwa njia ya mtu kupita na kuhesabu kila upande. Alama za mwenye mzigo zilitazama nje, ili karani azisome bila kupanda juu ya lundo. Mbolea haikukaa na unga, wala dawa ya wadudu haikukaa na chakula cha aina yoyote. Katani haikuwekwa karibu na mafuta. Gunia lililochanika na sanduku lililovunjika vilipelekwa katika kizimba chenye kufuli siku hiyo hiyo. Na juu ya sheria zote ilikuwepo hii: cha kwanza kuingia kiwe cha kwanza kutoka.

Mnaikumbuka bohari ya shule? Gunia jipya la maharage liliwekwa mbele ya la zamani, la zamani likaliwa na wadudu, na hao wadudu tukawala sisi. Kama mpishi wetu angalipitia ghalani kwangu kwa mwezi mmoja tu, tungalikula vizuri zaidi.

Ndugu zangu, mwaka ule ule wa 1956 zilipofunguliwa gati zetu tatu, jambo jingine lilitokea mbali na hapa, nasi hatukulisikia. Tarehe 26 Aprili meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, ikiwa na makasha 58 ya chuma juu ya sitaha yake. Aliyeanzisha biashara hiyo, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori. Alichoka kuona lori linangoja siku nzima huku mzigo wake ukitolewa kipande kipande, akaona heri kasha zima lihame kutoka lori hadi meli bila kufunguliwa. Hilo ndilo kontena.

Makontena yalipotufikia yalibadili kila kitu. Meli iliyokuwa ikikaa gatini wiki nzima au zaidi sasa yaweza kumaliza kwa siku chache. Udokozi wa kipande kimoja kimoja ulipungua. Lakini makuli pia walipungua. Wale walikuwa watu wenye heshima katika historia ya nchi hii. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, wakagoma tena 1947, na mgomo huo wa mwisho ukaenea hadi bara kwa kufuata reli. Walitufundisha maana ya umoja wa wafanyakazi kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kreni moja ilichukua kazi ya migongo mingi, na sikuona sherehe ya kuiaga migongo hiyo.

Hata kazi yangu ilibadilika. Zamani niliiona sukari, niliinusa kahawa, niliigusa pamba. Kontena lilipokuja niliona namba ya kasha na lakiri ya mlangoni, basi. Kilichomo ndani nilikijua kwa karatasi tu. Karatasi ikisema uongo, ghala zima linaamini uongo.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tuseme uwanja wetu una nafasi ya makontena 1,000. Kila kontena likikaa siku 10, kwa mwaka yatapita makontena 36,500. Kila moja likikaa siku 20, yatapita 18,250. Uwanja ni ule ule, kreni ni zile zile, wafanyakazi ni wale wale. Anayepunguza siku za kukaa kwa nusu amejenga uwanja wa pili bila kununua mfuko mmoja wa saruji. Na anayeziongeza mara mbili amebomoa nusu ya uwanja bila kushika nyundo.

Tena makontena hupangwa moja juu ya jingine. Linalotakiwa leo likiwa chini ya mengine matatu, yale matatu yahamishwe kwanza, kisha yarudishwe. Kazi hiyo haimfikishii mtu mzigo wake, ila mafuta ya mashine yanateketea na malori yanangoja hadi barabara ya nje.

Wanaodhani natia chumvi na waangalie Lagos mwaka 1975. Nigeria ilikuwa imeagiza karibu tani milioni 20 za saruji, kupita kiasi bandari ilichoweza kupokea. Mamia ya meli yakarundikana baharini yakingoja zamu, na serikali ikalipa fidia kwa kila siku ya kungoja. Saruji iliyosafiri kuja kujenga nchi ikagandia ndani ya meli. Meli hazikukosekana. Kilichokosekana ni pa kuushushia mzigo na njia ya kuuondoa.

Mtauliza, kwa nini mzigo unakaa? Sababu nilizoziona ni nne. Wapo wanaoanza kutafuta karatasi siku meli inapofunga gati, ilhali imekuwa njiani wiki nyingi. Wapo walioagiza mali bila kuweka akiba ya ushuru. Wapo wanaolifanya ghala la bandari kuwa duka lao la nyuma, wakitoa kidogo kidogo kadiri wanavyouza. Na zipo ofisi ambazo kila moja inamtuma mwananchi kwa nyingine.

Niliwahi kulitunza kwa miezi minane sanduku la vyombo vya maabara, mali ya shule moja ya bara. Jina la shule katika hati ya shehena lilitofautiana na jina lililo katika barua ya kuagizia, kwa neno moja tu. Mwalimu alikuja kwa treni mara mbili, akiwa na barua yenye mhuri. Ofisi moja ilisema aende ya pili, ya pili ikamwambia arudi ya kwanza. Alikaa juu ya sanduku lake akalia, mtu mzima. Mara ya tatu hakuja. Sanduku likanadiwa, na baadaye nikasikia chupa zake ziliuzwa kwa watu wa kuwekea maua. Wanafunzi wa shule ile walifanya mtihani wa kemia kwa kusoma ubaoni. Msidhani basi kwamba msongamano wa bandari ni hasara ya matajiri peke yao.

Liko na la kutisha zaidi. Tarehe 14 Aprili 1944, katika bandari ya Bombay, meli ya Fort Stikine ilishika moto ikiwa na tani zipatazo 1,400 za baruti na mabomu, pamoja na marobota ya pamba. Pamba na baruti katika meli moja! Ilipolipuka iliua mamia ya watu na kuharibu sehemu kubwa ya bandari. Na juzi tu, mwaka 2014, huko Beirut, tani 2,750 za amonia naitreti ziliwekwa katika Ghala namba 12. Maofisa wa forodha waliandika barua zaidi ya mara moja. Barua zilifika, mzigo ukabaki. Tarehe 4 Agosti 2020 ghala lililipuka, watu zaidi ya 200 wakafa na wapatao 300,000 wakakosa makazi. Mzigo ule haukufichwa. Ulikuwa umeandikwa, umehesabiwa, na umeachwa kwa miaka sita.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzigo ghalani ni mgeni. Akizidisha siku, lazima awepo mwenye mamlaka ya kumwuliza anakwenda lini, na mwenye ujasiri wa kumtoa.

Ndugu Mwenyekiti, najua wengi wanangoja niseme neno juu ya mkataba wa bandari. Mwaka 2023 nchi nzima ilibishana, mwezi Oktoba mkataba na DP World ukatiwa sahihi, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikaanza kazi. Kila mmoja wetu ana maoni yake, nami sikuja kuyagombanisha hapa. Ninalosema ni kwamba mwendeshaji awe nani, mtampima kwa swali moja: mzigo unakaa siku ngapi? Mradi ulioanza mwaka 2017 umeongeza kina cha gati namba 1 hadi 7. Kina kikubwa huleta meli kubwa, na meli kubwa humwaga makontena mengi kwa mara moja. Uwanja usipotoka haraka, kina hicho kitatuongezea msongamano. Bandari kavu, kama ile ya Isaka na hii ya Kwala mkoani Pwani, zitasaidia ikiwa treni itaondoa makontena kila siku. Vinginevyo tutakuwa tumehamisha foleni tu.

Namalizia kwa maombi matatu. Wenye biashara miongoni mwetu, peleka karatasi zako meli ikiwa bado baharini, na usome kila neno la hati kabla hujaipokea. Walio maofisini, mwananchi akija na barua yenye mhuri, inua simu uulize ofisi ya pili mwenyewe, usimtume. Na wewe Ndugu Mwalimu Mkuu, wape vijana wako daftari la bohari ya shule walitunze kwa zamu, wahesabu, waandike, wajibu. Nilijifunza mengi bandarini, lakini kuhesabu bila kudanganya nilijifunzia katika madarasa haya.

Mwenye mzigo njiani na anitafute wakati wa chai, aje na karatasi zake.